Spika kubwa, geto dogo: maneno ya litungu yanapotelea wapi?

Testi zimeisha, hapa kampasi pametulia kidogo, angalau mtu unaweza kuandika kitu ambacho hakisahihishwi kwa kalamu nyekundu. Wiki hii nimeulizwa swali moja na vijana wawili wa nyumbani, mmoja yuko Tarime mjini, mwingine Mugumu kule Serengeti. "Mura, nataka spika za mtumba, zile ndefu za kusimama sakafuni, za chumba changu cha kusikilizia muziki. Nichukue zipi?" Ukiwasikiliza vizuri unagundua kila mmoja ana jibu lake tayari: kubwa kuliko zote! Mimi napinga, na leo naomba nieleze kwa nini.

Msimamo wangu ni huu: chumba ndicho kinachochagua spika, si macho wala mfuko. Na kwa sisi watu wa Mara naongeza kwamba spika inayomeza maneno ya mpiga litungu haifai hata ukipewa bure.

Tuanze na chumba chenyewe. Vyumba vyetu vingi vya kupanga ni futi kumi kwa kumi, sakafu ya saruji, kuta za tofali, juu mabati, na mara nyingi hakuna silingi bodi. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Ukuta na ukuta vikiachana futi kumi (mita tatu na kidogo), kuna noti moja ambayo chumba kinaipenda kupita kiasi, nayo ni kama mitetemo 56 kwa sekunde. Sasa angalia balaa: waya wa A wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa mitetemo 55! Yaani kila mpiga besi wa dansi akigusa noti hiyo, chumba kinadaka na kuivimbisha. Na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, noti hiyo hiyo inavimba pande zote mbili. Mabati nayo yanaitikia kwa kutetemeka. Halafu mtu anaongeza spika yenye wufa ya inchi 12, tena anaibana kwenye kona, mahali ambapo besi huongezeka kuliko popote. Hapo husikii tena muziki, unasikia chumba kinanguruma.

Wengine watasema, si ndiyo raha yenyewe? Ngoja nifike kwenye litungu.

Litungu la Wakurya lina nyuzi nane, na zile nene zake zinashuka chini kweli kweli. Lakini watu hawaketi kusikiliza nyuzi peke yake. Wanasubiri maneno. Mpigaji anasifu ukoo, anasema nani alifanya nini, anamchokoza mtu bila kumtaja jina, wazee wanacheka na wewe kijana unabaki kuuliza "kasemaje?" Mengi ya mambo hayo hayako kwenye kitabu chochote pale maktaba ya chuo. Sasa, sauti nene ikizidi kipimo huzifunika zilizo juu yake, na herufi za maneno ziko huko juu. Sisi tuliosoma bweni, Kikurya chetu ni cha kuokoteza. Mzee anaweza kukisia neno lililomezwa na besi, sisi hatuwezi. Ndiyo maana nasema suala hili si la anasa tu. Ukichagua spika vibaya unajinyima hadithi za kwenu kwa pesa zako mwenyewe, iwe ni bumu la Bodi ya Mikopo au pesa ya kahawa ya baba.

Kwa hiyo uchukue zipi? Zile ndefu nyembamba, zenye wufa moja au mbili za inchi tano hadi sita na nusu. Spika fupi nzuri zipo, nakubali, ila zinataka stendi, na stendi inakula sakafu ile ile ambayo spika ndefu ingesimama.

Mtumba una siri zake. Toa kitambaa cha mbele uangalie ukingo unaozunguka koni ya wufa. Kama ni wa sponji, uguse taratibu kwa kidole. Sponji huoza kwa miaka hata kama spika ilikaa kabatini, na majina makubwa hayaponi, maana JBL nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilitumia sponji. Ukibomoka kama keki, punguza bei au ondoka. Fundi mzuri anaweza kubandika mwingine, ila gharama hiyo ihesabu kabla hujatoa hela. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Kisha sukuma koni kwa vidole vilivyoizunguka sawasawa, kidogo tu. Ukisikia mkwaruzo ndani, koili imeungua au imepinda. Usiogope sura ya muuzaji, kagua!

Nenda na wimbo unaoujua kwa moyo, ikiwezekana wa litungu, kwenye simu. Sikiliza kwa sauti ya chini kwanza. Maneno yanasikika? Uzi mmoja haurukii wenzake? Weka sikio karibu na kila twita, maana iliyokufa haionekani kwa macho.

Wati zisikuzuzue. Kuongeza wati mara mbili kunaleta desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio linaiona ndogo. Kwenye futi kumi kwa kumi, wati chache zinatosha kukugombanisha na mwenye nyumba. La muhimu ni omu: kama ampli yako imeandikwa mwisho omu 8, usiifunge spika ya omu 4. Na ampli iliyotoka Marekani inataka volti 120 wakati ukutani kwetu kuna 230. Ichomeke bila transfoma uone moshi wake. Spika za kawaida zisizo na ampli ndani hazina habari na hayo. Anayenunua upande wa Isebania asisahau pia kuna ushuru akivuka Sirari.

Ukishafika nazo nyumbani, zitoe ukutani kama nusu mita. Zenye tundu la hewa nyuma zikizidi kuvuma, ziba tundu kwa soksi (iliyofuliwa, tafadhali). Usikae katikati kabisa ya chumba, pale ile noti ya 56 inapotea, wala usiegemee ukuta wa nyuma, pale inakuzidi. Kaa theluthi moja kutoka nyuma. Godoro, pazia na nguo zilizotundikwa zinatuliza mwangwi wa sauti za juu. Mvua ya Tarime ikipiga mabati, zima tu mura, hakuna spika inayoishinda.

Wapenda mdundo siwanyimi haki yao. Harusini, uwanjani, kifua kitetemeke, sawa. Lakini chumba cha kusikilizia ni mahali pa kukaa na babu, Mkurya, Mngoreme au Mwikoma, ukamuuliza huyu mpigaji amesema nini, naye akakujibu bila kupiga kelele. Spika ndogo iliyo nzima inakupa hilo. Kubwa iliyooza inakupa majirani mlangoni.

Hoja naiwasilisha. Wapenda inchi 12, uwanja wenu huu, njooni mnipinge. Tupo pamoja.