Mbaazi haina kosa

Mwandishi, mbaazi umeionea kwa kuilaumu kwa maradhi yetu. Mimi nashinda nimekaa ofisini Moi Avenue, na kwa miaka chamcha changu kilikuwa viazi karai na soda. Kinachotumaliza ni haraka, na yale mafuta ya tangu alfajiri yaliyokuwa meusi kama kahawa. Sukari yangu mwilini ilipopanda nilirudi soko la Marikiti: mchicha, muhogo, ndimu. Asubuhi nala mbaazi kwa tui jepesi na hamri moja, si manne. Mchana nafungua hotipoti, samaki changu wa makaa bado ana moto, ukwaju umemwingia mpaka kwenye mwiba. Jioni natembea kutoka Ngomeni hadi Mama Ngina, na mke wangu sasa hunifuata.