Dereva Anasingiziwa

Mwandishi mmoja anadai kuwa kifaa cha gari kikifa mapema mwenye kosa ni dereva, na kwamba kampuni kuyaita magari yake yarudi ni mbwembwe za nchi tajiri. Basi atueleze dereva alikosea wapi kwenye mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. Nitrati ya amonia iliyomo ndani iliharibika kwa joto na unyevu. Mfuko ulipofura, kopo la chuma lenye kemikali hiyo lilipasuka na kurusha vipande usoni. Au dereva hakubadilisha oili? Na hilo joto na unyevu, bwana, ndiyo Mombasa na Dar es Salaam, yanakoshushwa magari yaliyotumika Japani! Mbwembwe gani? Magari yalipoitwa yarudi katika nchi hizo tajiri, kifaa kilibadilishwa bure. Kabla hujanunua, ikague namba ya chasisi kwenye tovuti ya mtengenezaji.