Mmea Haufundishwi kwa Chaki Peke Yake

Mtoto akuaye Mkata, wilayani Handeni, kando ya barabara itokayo Chalinze kwenda Segera, huingia shuleni akiwa na maarifa mengi ya mimea. Anajua ni lini mahindi yanafaa kuchomwa na ni lini yamekomaa kwa kusagwa. Anajua kwamba muhogo mchungu hauliwi mbichi. Amekwisha kutumwa kuni, na katika kutumwa huko amejifunza ni mti upi hushika moto upesi na upi hutoa moshi bila faida. Maarifa hayo hayakuandikwa popote, lakini ni maarifa halisi, kwa kuwa yametokana na kutazama, kujaribu na kukumbuka.

Jambo la kusikitisha ni kwamba aghalabu somo la mimea huanza kana kwamba mtoto huyo hajui lolote. Mchoro huwekwa ubaoni, huandikwa mizizi, shina, jani na ua, na watoto hunakili. Mmea wa ubaoni hauna harufu, haunyauki, wala hauliwi na viwavi. Nao mmea wenyewe umesimama nje ya dirisha, hatua kumi tu kutoka darasani. Hivyo mtoto hubaki na elimu mbili zisizojuana: moja ya nyumbani, nyingine ya daftari.

Dawa ya tatizo hili haihitaji fedha nyingi. Ni kuunganisha mambo mawili ambayo shule zinayo tayari, yaani hadithi na kazi ya mikono. Lakini yafaa ieleweke kwamba moja bila ya lingine halitoshi.

Mathalan, uchukuliwe mbuyu. Katika sehemu nyingi za Afrika husimuliwa kwamba mti huo ulipandwa kichwa chini, mizizi juu. Watoto huipenda hadithi hii. Ikiishia hapo, wamepata kicheko tu. Lakini mwalimu akiuliza ni kwa nini wazee waliufikiria mbuyu hivyo, sayansi huanza. Mbuyu hukaa miezi mingi bila majani, na matawi yake matupu hufanana na mizizi. Kwa nini huyapukutisha? Hapo watoto na wafunge mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga juu ya tawi lenye majani mabichi, na mwingine kama huo juu ya kijiti kikavu, kisha waiache juani kwa saa chache. Watakuta matone mengi katika mfuko wa kwanza. Majani hupoteza maji. Basi mti unaoyaangusha wakati wa kiangazi, huku ukiweka akiba ya maji katika shina lake nene, hufanya jambo la busara. Kisha waambiwe hadithi nyingine, ambayo ni ya kweli: ua la mbuyu hufunguka usiku, na popo walao matunda huhamisha chavua yake kutoka ua hadi ua. Mtoto anayefyonza ubuyu ajue kwamba anadaiwa shukrani na popo.

Kazi ya mikono nayo si jambo geni nchini. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shamba la shule limekuwa sehemu ya malezi ya wanafunzi. Kusudi lilikuwa jema. Hata hivyo, jembe lisiloambatana na swali ni jembe tu, na pale shamba linapogeuzwa mahali pa adhabu, mtoto hujifunza kuichukia mimea badala ya kuielewa. Matuta mawili ya kunde, moja lililopaliliwa na jingine lililoachiwa magugu, yakipimwa kila juma kwa kamba yenye mafundo, ni maabara kamili.

Wako watakaosema kwamba madarasa ya chini ni ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwamba hakuna nafasi ya mambo haya. Lakini anayepima mche anahesabu, na anayeeleza alichokiona anaandika. Wengine watasema kwamba watoto ni wengi na vifaa ni haba. Hoja hiyo ni nzito, ila makopo matupu, udongo, maharage na maji havinunuliwi kwa gharama kubwa, na watoto wanane wanaweza kuchunga kopo moja. Kopo moja liwekwe penye mwanga na jingine ndani ya sanduku lenye giza. Mche wa gizani utarefuka na kuwa mwembamba, wenye rangi ya njano. Hakuna mchoro ufundishao hivyo.

Historia ya sayansi yenyewe imejaa hadithi za namna hii. Jan van Helmont, ambaye maandishi yake yalichapwa mwaka 1648 baada ya kifo chake, alipanda mche katika udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akautilia maji kwa miaka mitano. Mti uliongezeka uzito kwa zaidi ya kilo 70, lakini udongo ulipungua gramu 60 tu. Akahitimisha kwamba mti umetokana na maji peke yake. Alikosea, kwa sababu hakuihesabu hewa, lakini alikosea kwa kupima, na wengine waliofuata wakasahihisha. Karibu na Mkata, katika Korogwe, kuna hadithi ya mkonge. Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida mwaka 1893. Vilivyofika hai na kupandwa pwani ya Tanga vilikuwa 62. Kutokana na hivyo yalizaliwa mashamba yaliyoifanya nchi kutoa zaidi ya tani 200,000 za katani mwaka 1964. Mtoto aliyesikia habari hiyo atauliza mwenyewe: mmea huongezekaje bila kupanda mbegu?

Linalohusika hapa si furaha ya darasani tu. Mtoto wa shule ya msingi anayesoma kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza katika sekondari. Aliyekwisha kuona kwa macho yake mzizi ukichomoza katika mbegu hubadilisha jina tu. Aliyekariri huanza upya na kukariri mara ya pili. Tena misitu ya Handeni hukatwa kwa mkaa, na watakaoamua ni mti gani ubaki ni hao hao walio sasa katika darasa la kwanza. Asiyejua mti huishije hawezi kuuonea uchungu.

Kwa hiyo walimu wa baiolojia na wanafunzi wao wana wajibu. Ingefaa kila klabu ya sayansi ya sekondari ichague shule ya msingi iliyo jirani, ipeleke makopo yake kila muhula, ikasimulie na kupanda pamoja na wadogo zao. Atakayefaidika zaidi huenda akawa mwanafunzi wa sekondari mwenyewe, maana swali la mtoto wa miaka saba halijibiwi kwa maneno ya kukariri. Wahenga walisema: udongo upate ungali maji.