Injini ya Gari Majini: Ufundi Uheshimiwe, Roho za Watu Zilindwe

Wazee wetu wa pwani walisema kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Zamani nyenzo hizo zilikuwa tanga, kasia na upondo. Leo ni injini. Lakini injini mpya iliyoundwa kwa ajili ya maji ni ghali, na mvuvi mwenye mashua moja aghalabu hawezi kuinunua. Kwa hiyo si ajabu fundi wa gereji akilitazama gari lililooza bodi huku injini yake ingali nzima, akajiuliza: kwa nini chuma hiki kisiendeshe mashua?

Swali hilo ni la haki, nasi hatukubaliani na wale wanaolicheka. Huko Thailand, mashua nyembamba zipitazo katika mifereji ya Bangkok na kando ya visiwa vya nchi ile huendeshwa kwa injini zilizotolewa katika magari na malori. Injini hufungwa shetrini juu ya kiguzo kinachozunguka, na shafti ndefu yenye rafadha mwishoni huteremka hadi majini. Nahodha huigeuza injini yote ili kukielekeza chombo. Huko Ujerumani, injini ya dizeli ya Mercedes-Benz iitwayo OM 636, iliyotiwa katika gari la 170 D mwaka 1949, ilitumika pia katika mashua. Na kampuni ya Volvo Penta ya Sweden ilipouleta mtambo wake wa Aquamatic mwaka 1959, iliiunganisha injini ya asili ya gari na mguu wa rafadha ulio nje ya shetri. Basi mtu asimwambie fundi wetu kwamba anaota.

Hata hivyo, hatukubaliani pia na wale wanaodhani kuwa injini ikinguruma tu kazi imekwisha. Viwanda hivyo havikuiondoa injini barabarani na kuitumbukiza mashuani kama ilivyo. Viliibadili kwanza, kwa sababu maji yana sheria zake. Ni wajibu wetu kuzieleza sheria hizo kwa lugha ambayo kila mfanyakazi ataielewa.

Kwanza ni uzito wa kazi. Gari huhitaji nguvu nyingi linapoondoka na linapopanda mlima. Likifika tambarare injini hupumua. Mashua haina tambarare wala mteremko. Maji huikinza tangu inapong'oa nanga hadi inapotia nanga, kama gari lipandalo mlima usio na kilele. Injini ya gari ikilazimishwa kutoa nguvu zake zote kwa saa nyingi mfululizo, itakufa kabla ya wakati wake.

Pili ni kupoza. Garini, rejeta hupozwa na upepo; ndani ya mashua upepo huo haupo, na lazima maji ya nje yafanye kazi hiyo. Lakini maji ya bahari yakipitishwa ndani ya injini huila, na chumvi yake huziba njia. Ni afadhali maji yasiyo na chumvi yazunguke ndani ya injini, kisha yapozwe katika bomba lililolazwa nje, chini ya mashua. Eksozi nayo isisahauliwe. Bomba lenye joto kali likigusa mbao ni kama njiti ya kiberiti. Na likiwekwa chini mno, wimbi litarudi kwa njia hiyo mpaka ndani ya injini.

Tatu ni gia, na hapa ndipo wengi hupotea. Rafadha inaposukuma maji nyuma, shafti nayo husukumwa mbele, na msukumo huo ndio uipelekao mashua. Garini, msukumo wa magurudumu hupita katika ekseli na springi mpaka kwenye bodi. Sanduku la gia haliubebi. Likibebeshwa mzigo huo mashuani, beringi zake zitaharibika upesi. Kwa hiyo ni lazima iwepo beringi maalumu ya kuupokea msukumo, iliyokazwa imara katika mbao za chombo. Tena, rafadha kubwa izungukayo polepole hubeba mzigo vema kuliko ndogo iendayo mbio. Ndiyo maana masanduku mengi ya gia ya mashua hupunguza mizunguko ya injini mara 2 au 3. Gia ndogo za gari hupunguza mizunguko pia, ila hazikuundwa kufanya kazi ngumu kutwa nzima. Na ikumbukwe kuwa mashua haina breki. Gia ya nyuma ndiyo breki yake.

Nne ni moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Barabarani huanguka chini ya gari na kupeperushwa. Mashuani hutuama ngamani, ukingoja cheche moja ya stata. Kwa sababu hiyo dizeli ni salama zaidi. Anayetumia petroli hana budi kuipitisha hewa ngamani kabla ya kuwasha, na kutumia vifaa vya umeme visivyotoa cheche nje.

Gari likizimika, dereva huegesha na kuketi chini ya mti. Injini ikizimika katikati ya ziwa au nje ya mwamba, watu huchukuliwa na upepo, na miongoni mwao wamo abiria ambao hawakuulizwa kama wanakubali kufanyiwa majaribio.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kujitegemea, na kujitegemea si kujihatarisha. Tunatoa rai kwamba VETA na SIDO wawafundishe mafundi wa gereji kazi hii kwa vitendo, na kwamba maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili. TASAC, shirika lililoanza mwaka 2018 na lenye kazi ya kukagua vyombo vya majini, limwendee fundi mapema, mashua ingali juu ya magogo, limwonyeshe palipo na kosa; lisingoje kumkamata ikisha kushushwa. Vyama vya ushirika vya wavuvi vinunue kwa pamoja beringi na masanduku ya gia ya mashua, vitu ambavyo mtu mmoja hushindwa kuvilipia.

Nawe, ndugu fundi, jaribu chombo chako bila abiria, karibu na ufuko, ukiwa na makasia mkononi. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Siku injini yako itakapokuwa imekwenda kutwa nzima bila kuchemka, bila kuvuja na bila kunuka petroli, hapo ndipo uwaite watu wapande.