Kama Ndoa Hutangazwa, Sumu Je?

Mafrateri wenzangu wa falsafa tunapenda kucheka urasimu. Muhuri, nakala tatu, sahihi ya huyu na ya yule: kwa watu wanaoshinda na Aristotle, hayo yanaonekana mambo ya makarani. Leo nataka kuitetea karatasi moja ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona, nayo ni hati ya kusafirisha taka hatarishi kutoka nchi moja kwenda nyingine. Naitetea nikiwa mtoto wa Samuye, Shinyanga, katika ukanda wa dhahabu, ambako sumu inafika na kuondoka kila siku bila kuagwa wala kukaribishwa.

Naanza na jambo tunalolijua sote parokiani. Vijana wawili wakitaka kufunga ndoa, majina yao husomwa mbele ya waamini kabla ya siku yenyewe, na mwenye kujua kizuizi huombwa aseme. Kama bibi arusi alibatizwa parokia nyingine, hati yake ya ubatizo inafuatwa huko. Na ndoa ikishafungwa kazi bado: Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1122, inamtaka paroko wa mahali ilipofungwa apeleke taarifa kwa paroko wa mahali pa ubatizo, ikaandikwe kwenye daftari lile la zamani. Karatasi inakwenda, karatasi inarudi. Sijasikia Mkatoliki akisema huo ni usumbufu mtupu. Kila mtu anajua kwamba mume mwenye mke Kahama anaweza kutaka kuoa tena Mwanza.

Mkataba wa Basel, uliopitishwa Machi 1989 na ambao Tanzania ilijiunga nao 1993, unafanya karibu jambo hilohilo kwa taka. Nchi zinakotoka inatakiwa ihakikishe kwamba nchi zinakokwenda, pamoja na kila nchi zitakamopita, zimeandikiwa mapema: ni taka gani, kiasi gani, zimezalishwa wapi na zitafanywa nini. Nchi inayopokea inajibu kwa maandishi, na ukimya wake hauhesabiwi kuwa ndiyo. Lazima uwepo pia mkataba kati ya anayepeleka na yule atakayezishughulikia kwa usalama. Ndipo mzigo unaondoka, ukiwa na hati ya safari inayotiwa sahihi na kila anayeukabidhiwa njiani. Ukifika, mpokeaji anamwandikia mpelekaji kwamba amepokea. Akimaliza kazi anaandika tena kwamba amemaliza. Ikishindikana kuzishughulikia kama ilivyokubaliwa, na njia nyingine salama haipo, zinarudi zilikotoka. Ukisoma mtiririko huo taratibu utaona ni matangazo ya ndoa, hati ya ubatizo na kanuni ya 1122, tofauti ni kwamba aliye safarini ni risasi, zebaki au mafuta machafu.

Hilo halikumpita Papa Fransisko. Katika waraka wake Laudato Si' wa 2015, ibara ya 168, anautaja Mkataba wa Basel kwa jina kati ya mambo ambayo mataifa yamefanya vizuri, akisifu utaratibu wake wa kutoa taarifa, kuweka viwango na kukagua. Ibara ya 51 inataja zebaki ya wachimbaji wa dhahabu, yaani inatutaja sisi. Waraka huo tunauhubiri kwa kupanda miti. Tupande, Shinyanga inaihitaji. Lakini ibara ya 168 huwa tunairuka, nadhani kwa sababu fomu haipendezi kwenye picha kama mche.

Kabla ya karatasi hii kuwepo mambo yalikuwaje? Koko ni mji mdogo wa bandari nchini Nigeria. Mwaka 1988 iligundulika kwamba maelfu ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia yalikuwa yamerundikwa kwenye uwanja wa nyumba ya mwananchi mmoja. Alikuwa akilipwa kodi ya takriban dola 100 kwa mwezi. Nyaraka za mzigo zilikuwa za uongo, na yeye hakuambiwa kilichomo. Mtu huyo simlaumu hata kidogo. Akija mgeni mwenye gari zuri Samuye leo, akamwambia mzee yeyote kwamba anataka kukodi kona ya uwanja wake aweke mapipa, kwa dola 100 kila mwezi, mzee atakataa kwa lipi? Italia ililazimika kuyarudisha mapipa yale, na aibu hiyo ilichangia kuuzaa Mkataba wa Basel mwaka uliofuata. Nchi za Afrika zikaona hautoshi, zikatunga wao Mkataba wa Bamako mwaka 1991 kuzuia kabisa taka hatarishi kuingizwa barani.

Hata hivyo karatasi inaweza kusema uongo. Mwaka 2006 meli ya Probo Koala ilifika Amsterdam na mabaki ambayo yalielezwa kuwa maji machafu ya kawaida ya kuoshea matangi. Walipogundua huko kwamba ni kitu kikali zaidi, na kwamba bei ya kuyasafisha ingepanda mno, meli iliondoka nayo. Agosti yakamwagwa Abidjan, sehemu mbalimbali za jiji, na zaidi ya watu 100,000 wakatafuta matibabu. Mwaka 2010 mahakama ya Amsterdam iliitoza faini ya euro milioni 1 kampuni ya Trafigura, iliyokuwa imeikodi meli hiyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba ukweli ni akili kulingana na kitu chenyewe. Darasani tunalijibia mtihani. Bandarini maana yake ni kwamba kilichoandikwa kwenye hati kilingane na kilichomo kwenye pipa, na asiyefanya hivyo anashuhudia uongo juu ya jirani yake, hata kama jirani huyo yuko ng'ambo ya bahari.

Sasa turudi nyumbani. Betri ya sola ikifa kijijini inakaa uvunguni mpaka apite mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Kwa kuwa hataki kulipia maji, anayamwaga kwanza, mara nyingi papo hapo uani, ndipo anapima. Maji hayo ni asidi yenye risasi. Betri inapanda baiskeli, kisha pikipiki, kisha lori. Tinde, njia panda ya malori, iko jirani. Ukishika ya Kahama unaipita bandari kavu ya Isaka, na mbele yako iko mipaka ya Rwanda na Burundi. Kwa Mkataba wa Basel betri hiyo ni taka hatarishi, na haiwezi kuvuka mpaka bila barua. Yeyote anayetaka kujua betri huishia wapi pasipo mtu wa kuuliza, atazame Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda kiliziyeyusha pembeni mwa makazi na risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020. Fidia hairudishi akili ya mtoto.

Zebaki nayo huja kwa mwelekeo mwingine. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia 2020, unataka nchi inayoiuza ipate kwanza ridhaa ya maandishi ya nchi inayoinunua. Machimboni Geita na kwetu inauzwa kwenye vichupa. Jaribu kumwuliza muuzaji ridhaa yake iko wapi.

Na sisi si watu tusiojua kuhoji makaratasi. Mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza neno makinikia. Makontena 277 yalizuiwa bandari ya Dar es Salaam, kamati zikaundwa, na mpaka kwenye vijiwe vya kahawa watu walibishana kama kilichoandikwa kinalingana na kilichomo. Tuliuliza hivyo kwa sababu ilikuwa dhahabu inayoondoka. Kwa sumu hatujawahi kupaza sauti hata robo ya ile.

Wapo watakaoniambia kwamba vibali vinachelewa, nchi ya kupitia peke yake ina siku 60 za kujibu, na mfanyabiashara mwaminifu anakata tamaa wakati mjanja anapita usiku. Ni kweli, na inaniuma. Siku hizo zipunguzwe, ada ziwe za kubebeka, ofisi zijibu barua. Lakini watu wakioana kwa siri kwa sababu matangazo ni marefu, paroko hafuti matangazo.

Kinachonisumbua zaidi ni kingine. Fomu ya Basel ina nafasi ya mpelekaji, msafirishaji, mpokeaji na kiwanda. Anayesema ndiyo ni serikali. Kijiji ambacho pipa litalala hakina mahali pa kujibu hodi. Ndoa ya wawili inatangazwa kigangoni kwao, mbele ya majirani wanaowajua, na kwa taka zitakazokaa ardhini kuliko maisha ya wajukuu wetu tunaridhika na muhuri wa mjini. Naona kibali cha namna hiyo kingebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla hakijatiwa sahihi. Viongozi wetu wa Haki na Amani jimboni wanaweza kulidai hilo kwa barua, na sisi mafrateri tukiwa likizo tunaweza kuwasaidia kuiandika. Wakati tunasubiri majibu, jumuiya ndogo ndogo zina madaftari: mnunuzi wa betri akipita, katibu aandike jina lake, tarehe, idadi ya betri, na mahali anaposema anazipeleka.