Uendelevu wa Benki Hupimwa Mwaka wa Mtikisiko

Juni iliyopita nilikuwa nyumbani, Majengo, Sumbawanga. Ni msimu ambao magunia ya mahindi hupangwa hadi barazani na baridi ya Ufipa hupenya mpaka mifupani. Mezani nilikuwa nimeacha taarifa ya uendelevu ya benki moja, niliyokuwa nikiisoma kwa ajili ya mhadhara. Mjomba wangu, ambaye ni mkulima, aliichukua, akaitazama picha ya mama aliyesimama shambani akitabasamu, kisha akaniuliza: "Mpwa wangu, hapa wameandika wapi kwamba tarehe ya marejesho huangukia wakati mahindi hayana bei?"

Sikuwa na ukurasa wa kumwonyesha.

Taarifa za aina hii sasa si hiari tupu. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo wa kusimamia hatari za kifedha zitokanazo na mabadiliko ya tabianchi. Juni 2023 vikatolewa viwango vya kimataifa vya kutoa taarifa za uendelevu. Mwaka huohuo Benki ya CRDB iliuza Hatifungani ya Kijani kwa lengo la kukusanya shilingi bilioni 40, ikapata zaidi ya bilioni 171. Wananchi na taasisi wameonyesha kwamba wako tayari kuweka fedha zao mahali palipoandikwa neno "kijani". Kwa hiyo wanastahili kuelezwa ukweli, hasa mambo yanapokuwa magumu.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mwaka wa faida kila benki hupanda miti na kugawa madawati. Swali ni nini kinachoandikwa mwaka wa mtikisiko.

Tukumbuke Januari 2018. Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa upungufu wa mtaji: Covenant ya wanawake, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wananchi Meru, na Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera. Yatazameni majina hayo: wanawake, wananchi, wakulima. Kama uendelevu ungepimwa kwa nia njema peke yake, benki hizo zingekuwa miongoni mwa za kwanza kutunukiwa vyeti. Lakini mwenye amana alilindwa na bima hadi shilingi milioni 1.5 tu, kilichozidi kilisubiri ufilisi. Benki isiyoweza kurudisha akiba ya mwenye duka la Njombe haikuwa endelevu, hata kama ilimkopesha jirani yake kwa moyo mweupe.

Wapo watakaosema kwamba, kwa mantiki hiyo, wakati wa shida benki ikaze kamba, ilinde amana, na habari za jamii zisubiri. Hoja hii ina uzito, lakini ni nusu ya ukweli. Mei 2020, janga la UVIKO-19 lilipotikisa biashara, Benki Kuu iliwalegezea mabenki masharti ili waweze kupanga upya mikopo ya wateja walioathirika. Hatua hiyo ilikuwa ya busara. Hata hivyo, kupanga upya mkopo kunaweza kumwokoa mkulima, na kunaweza pia kuficha mkopo chechefu. Kunaweza kumfikia mwenye hoteli kubwa na kumruka mwenye ekari tatu. Anayeweza kutofautisha hayo ni yule tu aliyepewa takwimu.

Ndiyo maana napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila taarifa ya uendelevu ioneshe, kwa mkoa na kwa sekta, mikopo mingapi iliombewa nafuu, mingapi ilipewa, na dhamana ngapi ziliuzwa. Pili, takwimu hizo zikae ukurasa mmoja na hali ya mtaji na mikopo chechefu, ili wema na uimara vipimwe pamoja. Tatu, muhtasari wake uandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa tawini, mahali ambapo mkopaji husimama kwenye foleni.

Wafipa tuna kilimo cha matuta ya duara: majani hufukiwa, yakaoza, yakawa mbolea ya msimu unaofuata. Mpita njia haoni kitu ila udongo. Faida yake huonekana pale ardhi ya jirani inapochoka. Mababu hawakuhitaji kitabu chenye picha kuthibitisha kwamba kilimo chao ni endelevu, kwa sababu mavuno yalisema. Benki zetu ni tofauti: mavuno yake yako ndani ya vitabu visivyofunguliwa kwa mkulima.

Nyinyi mlio katika ofisi za umma na mnaoandika kanuni, lianzeni swali la mjomba kama kipengele cha fomu: marejesho yalidaiwa lini, na mazao yalikuwa na bei gani siku hiyo? Benki iliyomtendea haki mkopaji wake haitaona tabu kulijibu.