Watu Wanaishi Huko

Kuna sentensi ya maneno matatu inayouza mashamba hapa Nakuru: "Watu wanaishi huko." Utaisikia ukiuliza swali lolote kuhusu baridi ya Kanada, Ufini au Ujerumani. Ajenti anaisema bila kuinua macho kutoka kwa simu. Mjomba anaisema kwenye mkutano wa familia. Mabeshte wanaisema kwenye matatu ya Lanet na kuongeza kicheko. Kwani wewe ni nani usiweze? Watu wanaishi huko.

Sentensi hiyo ni kweli, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Uongo mtupu ungekuwa rahisi kuukataa. Hii inajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Mimi sijauliza kama binadamu anaweza kuishi Winnipeg. Nimeuliza nitaishi vipi mimi, nikishuka kwenye ndege mwezi wa Januari na mabegi mawili na deni, mpaka Aprili ifike. Hayo ni maswali mawili, na ajenti anajua la pili lina gharama.

Niweke mambo yangu mezani. Nina miaka 27 na diploma ya rekodi za afya. Kwa miaka mitatu nimefanya kazi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu katika kliniki moja ya kibinafsi ambayo sitaitaja. Mshahara ni Sh18,000, ukifika. Mwaka jana chuo kimoja cha Winnipeg kilinikubali, muhula wa kuanzia Januari. Ili barua igeuke kuwa safari, familia iliafikiana kuuza ekari yetu moja na nusu kule Njoro. Mnunuzi alikuwa ameshapatikana. Kilichobaki ni mimi kusema ndiyo.

Hoja ya kwanza niliyopewa ni kwamba sisi ni watu wa nyanda za juu. "Wewe msichana umelala Molo Julai," mjomba akaniambia, "utaogopa baridi gani?" Haya, tuitazame hiyo Julai. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo na Mau Narok ziko juu zaidi. Kuna usiku kule Mau Narok umande unaganda na kuchoma majani ya viazi. Asubuhi ya Julai hapa mjini huwa nyuzi tisa, kumi hivi, nasi tunatembea na majaketi mazito kama wapanda mlima. Sasa Winnipeg: usiku wa kawaida wa Januari ni karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, na kuna siku inapita 30. Upepo ukichanganyika na baridi ya aina hiyo, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, wakati mwingine ndani ya dakika 10. Hiyo si Molo iliyoongezwa kidogo. Ni kitu kingine kabisa, na kukiita kwa jina moja la "baridi" ndiko kunatupoteza.

Halafu kuna giza, ambalo hakuna anayelitaja kabisa. Sisi tunakaa karibu na ikweta. Mwaka mzima jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, hata hatulifikirii. Winnipeg mwezi wa Desemba jua linatoka saa mbili imeshapita na kuzama saa kumi na nusu. Tampere, Ufini, mchana mfupi kuliko yote hauzidi saa sita. Mtu wa shifti ya mchana anaingia kazini gizani na kutoka gizani. Madaktari wa huko wana taa maalum za kutibu huzuni inayokuja na majira hayo. Tena ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D, kwa hivyo tunaofika kutoka huku ndio wa kwanza kuambiwa tumeze vidonge. Hakuna aibu yoyote katika hayo. Ni vitu vya kujua kabla, jinsi unavyojua kodi ya nyumba.

Lakini hoja yangu kubwa si nyuzi wala giza. Ni hii: baridi ya kule ni suala la tabaka. Tunaizungumzia kana kwamba ni mtihani wa ushujaa, nani ana moyo na nani ni mlaini, wakati kwa kweli ni mtihani wa mfuko na watu ulio nao. Hao "watu wanaoishi huko" wanaishi ndani. Nyumba zao zina joto. Gari linachomekwa kwenye umeme usiku ili injini isigome asubuhi, kisha linavalishwa matairi ya msimu. Katikati ya Winnipeg kuna vijia vya ndani vinavyounganisha majengo, mtu anatoka ofisini hadi dukani bila kugusa theluji. Mwenye nyumba, gari na kazi ya mchana anakutana na Januari kwa dakika chache kwa siku.

Nani basi anakutana nayo kwa saa nzima? Aliyefika juzi. Ndiye anayesimama kwenye stejini ya basi alfajiri kwa sababu hana gari. Ndiye aliyepewa shifti ya usiku kwenye makao ya wazee kwa sababu wenyeji wameikataa. Ndiye anayepanga chumba mbali kwa sababu karibu ni ghali, na jaketi lake ni lile la Gikomba ambalo muuzaji aliapa ni la theluji. Baridi ni ileile kwa wote, lakini bili yake inaletewa mgeni. Ukimwambia huyo "watu wanaishi huko", unamwonyesha mtu aliye dirishani na kumwambia ajifunze kwake.

Mjomba alikuwa na hoja ya pili, na hii naiheshimu. Alitaja wale wanafunzi 81 waliopanda ndege Septemba 1959 kwa mpango wa Tom Mboya, na Wangari Maathai aliyewafuata mwaka 1960 akaenda Kansas. Hao hawakuwahi hata kuona theluji, akasema, na wakarudi kujenga nchi. Kweli. Lakini tazama walivyoenda. Walikuwa na nafasi za masomo zilizotafutiwa ufadhili. Kulikuwa na watu Marekani waliochangisha pesa za ndege, na huku nyumbani vijiji vilichanga. Kulikuwa na mtu upande wa pili aliyejua mgeni anakuja. Mfano wa Mboya ukisomwa vizuri, unasema kwamba mtu anavushwa baridi na mipango. Unatetea maswali yangu kuliko unavyomtetea ajenti.

Ndivyo ilivyo hata leo. Wakenya walio Minnesota, wengi wao wakiwa na asili ya Kisii, wamejijengea makanisa, maduka ya unga na mtandao wa shangazi wanaojua hospitali gani inaajiri na buti gani haipitishi maji. Jimbo hilo lina baridi ya kutisha. Lakini anayefika huko akapokelewa uwanjani na binamu mwenye jaketi mkononi na kitanda cha kulala miezi miwili, huyo hakwenda mahali pamoja na yule anayefika peke yake na kutafuta chumba kwa simu yenye asilimia tisa ya chaji. Theluji ni ileile, safari ni mbili.

Na tusijifanye hatujaona safari zikiharibika. Jirani zetu wa Uasin Gishu walikuwa na mpango wa kaunti wa kupeleka vijana kusoma Ufini na Kanada. Wazazi walilipa mamia ya maelfu. Wengine waliuza mashamba na ng'ombe. Mwaka 2023 wazazi hao waliandamana Eldoret wakidai pesa zao, wakati vijana waliokuwa wameshafika Ufini wanaambiwa karo haijalipwa na huenda wakarudishwa. Agosti mwaka huohuo seneta wa kaunti hiyo na maafisa wengine walifikishwa mahakamani hapa hapa Nakuru, wakakana mashtaka. Kesi ni ya mahakama, si yangu. Langu ni kuuliza: kama mpango wenye muhuri wa kaunti uliweza kumwacha kijana Ufini bila karo, ajenti mwenye chumba kimoja juu ya duka la simu atanibebea nini?

Maana tuelewe biashara yake. Ajenti analipwa hatua kwa hatua: fomu, barua ya chuo, maombi ya viza. Viza ikitoka, kazi yake imeisha. Hakuna senti anayopata kwa wewe kufika Machi ukiwa mzima wa akili. Nilipomuuliza wangu kwa nini muhula wa Januari na si Septemba, alinijibu, "Madam, Januari ina nafasi." Bila shaka ina nafasi! Ni mwezi mbaya kuliko yote kufika. Kwake ni kiti kitupu cha kujaza. Kwangu ni kutua katikati ya msimu kabla sijajua basi linapita wapi.

Serikali nayo imeingia kwenye wimbo huohuo. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya ilitia saini mkataba wa wafanyakazi na Ujerumani, na baadaye tukaletewa Kazi Majuu, na foleni za vijana wenye bahasha za kaki. Najua sababu. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9. Hakuna chai wala maua ya Naivasha yanayoleta pesa hiyo. Lakini angalia kinachohesabiwa: dola inayoingia. Buti, jaketi, nauli ya teksi siku basi halikuja, miezi ambayo kijana alikula mkate mkavu ili atume, hizo haziko kwenye hesabu ya mtu yeyote. Tunasherehekea risiti na kuficha bili.

Wapo watakaosema ninahubiri kukaa. Hapana. Sh18,000 inayochelewa si maisha, na sitamdanganya mtu kwamba jua la Nakuru linalipa karo. Tumekuwa jiji tangu Desemba 2021, na bado nina wanadarasa wenye diploma wanaoendesha bodaboda Kaptembwa. Mtu akiondoka kwa sababu hiyo, simlaumu hata kidogo. Ninachokataa ni mtu kuondoka kwa aibu, kwa sababu kila alipouliza swali la maana aliambiwa anaogopa. Kuuliza bei si woga. Ukinunua ng'ombe Njoro unamfungua mdomo kuhesabu meno. Kwa nini nchi nzima tuinunue tukiwa tumefunga macho?

Basi nikafanya hesabu mwenyewe. Mwanzoni mwa 2024 Kanada ilipandisha pesa ambazo mwanafunzi lazima aonyeshe anazo za kujikimu, kutoka dola zao 10,000 hadi 20,635, mbali na karo ya mwaka wa kwanza na nauli. Kwa pesa yetu hiyo ni karibu milioni mbili. Hawakufanya hivyo kwa ukatili. Walikuwa wameona wageni wakikwama. Ajenti alikuwa na dawa: "tutakuonyesha pesa", yaani akaunti ikopeshwe, viza itoke, pesa irudi kwa mwenyewe. Hapo ndipo nilipoiona sentensi ya maneno matatu inafanya kazi gani. Kiwango kile ndicho jaketi. Kukionyesha bila kuwa nacho ni kuvaa picha ya jaketi. Na saa za kazi za mwanafunzi zina mpaka: sheria ya 2024 ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo wakati wa masomo. Kodi, chakula, basi, deni la nyumbani, vyote vitoke humo, Januari hiyo hiyo.

Nikasema hapana. Hapana kwa Januari, hapana kwa akaunti ya kukopeshwa, na hapana kwa kuuza Njoro. Mama alinyamaza siku mbili, kisha akaniuliza, "Mami, sasa itakuwaje?" Nikamwambia itakuwa Septemba ya mwaka mwingine au haitakuwa, na tutakwenda mahali tulipo na mtu, hata kama chuo chake hakina jina kubwa. Sai naweka akiba kwa chama cha watu saba, na mahindi ya shamba yanalipa fungu langu miezi ambayo kliniki inachelewa. Mjomba bado anasema niliogopa. Yeye hajauliza bei ya buti.

Nawe ukiwa na barua mkononi, kabla ya kutia saini chochote, muulize ajenti mambo haya mbele ya mzazi wako. Nani, kwa jina na namba ya simu, atakuwa uwanja wa ndege? Nafika mwezi gani, na kwa nini si mwingine? Kutoka chumbani hadi chuoni ni basi ngapi, na ninasubiri nje dakika ngapi? Nikilipa karo nitabaki na kodi ya miezi mingapi, pesa yangu na si ya kuonyesha? Nani ananunua buti na jaketi, na ya bei gani? Nikiugua Februari, nampigia nani saa nane usiku?

Akikujibu yote, funga begi, na nitakuja kukusindikiza hadi stejini. Akikujibu kwa maneno matatu, rudisha hati ya shamba kabatini.